Hamri Moja ni Sawa na Kutembea Mpaka Shela: Kupungua Mwili kwa Hesabu, Sio kwa Kulipia Programu

Juzi aliingia kliniki mama mmoja wa Langoni, hapa kwetu Lamu, ameshika karatasi imekunjwa mara nne, akaiweka mezani akanambia daktari hebu nisomee hii unionyeshe nakosea wapi. Mimi ni mtu wa lishe si daktari lakini huku sote tunaitwa hivyo, basi nikaifungua. Ilikuwa programu ya kupungua ya siku 21 aliyouziwa kwa simu, na pesa aliyotoa ni pesa ambayo ingemlipia mtoto karo. Asubuhi uji wa oti, saa nne tufaha, mchana kifua cha kuku na brokoli, jioni salmoni wa kuchoma, na chini imeandikwa kwa herufi kubwa USIGUSE WALI. Mtu anaishi kisiwani, changu na tafi wanashushwa pale gatini kila siku, halafu anaambiwa atafute samaki wa bahari za baridi. Nilikasirika, nasema kweli, sikumkasirikia yeye, niliikasirikia hiyo karatasi.

Akanieleza wiki ya kwanza alipungua kilo 4 akafurahi sana, wiki ya tatu pesa ya kununua hivyo vitu imekwisha, akarudia chakula chake na kilo zote 4 zikarudi ndani ya siku chache. Akajilaumu, akasema mimi sina subira. Mama subira anayo, ila zile kilo 4 nyingi yake hayakuwa mafuta. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu moja ya hiyo akiba inashika maji kama gramu 3 hivi, sasa ukikata wali na mkate ghafla akiba inatumika na maji yanatoka mkojoni, mizani inashuka unaona umepona. Ukila wali tena maji yanarudi. Hizi chai za kupunguza tumbo nyingi ni hivyo hivyo, zikiwa na sanamaki ndani kazi yake ni kukuharisha tu, unapoteza maji na chumvi, mafuta yako yamekaa pale pale.

Programu yoyote inayopunguza mafuta ya mwili kweli, iwe ya maziwa ya unga ya paketi au ya kufunga masaa au ya kukata wanga, inafanya kazi kwa sababu moja tu, imekufanya ule kalori chache kuliko unazotumia. Hakuna siri nyingine wanayokuuzia. Na kalori ni kipimo cha nguvu iliyo kwenye chakula, kalori moja ya chakula ni ule moto wa kupasha kilo moja ya maji kwa digrii 1. Alikuwepo Mmarekani anaitwa Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19 alikaa akapima vyakula kimoja kimoja, na hesabu tunayoitumia leo imetoka kwenye kazi yake: gramu ya wanga ina kalori 4, gramu ya protini 4, gramu ya mafuta 9. Hayo mafuta 9 yashike kichwani maana kwa chakula chetu cha pwani ndipo mambo mengi yamelala. Kwenye paketi utaona imeandikwa kcal, ndizo hizo hizo, na ukiona kJ gawanya kwa 4.2.

Sasa wewe unahitaji ngapi kwa siku? Kuna fomula iliyotoka 1990, ndiyo tunayoitumia kliniki, na haina malipo. Chukua kilo zako zidisha kwa 10, urefu wako kwa sentimita zidisha kwa 6.25, jumlisha hizo mbili, halafu toa umri wako mara 5. Mwanamke atoe tena 161, mwanamume yeye aongeze 5. Yule mama ana kilo 78, urefu 160, miaka 38, kwa hivyo ni 780 na 1000, toa 190, toa 161, imebaki 1429. Hiyo ndiyo nguvu mwili unatumia umelala tu, moyo unadunda na pumzi inaingia. Kwa mtu wa kazi nyepesi za nyumba na kutembea kidogo zidisha kwa 1.4 upate karibu 2000. Akila 2000 anabaki alivyo, akila 1500 anapungua. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori kama 7700, ukipunguza 500 kila siku kwa wiki ni 3500, yaani karibu nusu kilo. Najua nusu kilo kwa wiki haivutii kama tangazo la kilo 5 lakini hii ni mafuta kweli na ndiyo inayokaa.

Tukakaa tukahesabu chai yake ya asubuhi. Mahamri 4, bakuli la mbaazi za nazi, vikombe 2 vya chai ya maziwa kila kimoja vijiko 3 vya sukari. Mahamri ukitaka kuyajua hesabu donge lote: unga kilo moja ni kalori kama 3640, sukari gramu 200 ni 770, tui zito gramu 400 ni 920, na mafuta yaliyoingia ndani wakati wa kukaanga. Hayo mafuta watu wanayasahau kabisa, na kuyajua ni rahisi, pima mafuta kabla hujaweka kwenye karai na uyapime tena yakishapoa, kilichopungua ndicho mlichokula. Tuseme yamepungua gramu 150, hiyo ni kama 1320 nyingine. Jumla 6650, yakitoka mahamri 40 kila hamri ni kalori kama 165. Manne ni 660, mbaazi na tui lake kama 300, chai zake mbili kama 220. Saa mbili asubuhi ameshakula kalori 1180 na kwa siku nzima ana 1500. Mama alinyamaza.

Sikumkataza mahamri. Nilimwambia kula mawili, mbaazi zibaki vile vile maana zina protini na nyuzinyuzi na ndizo zinazokushikisha mpaka mchana, chai weka kijiko kimoja kimoja. Hapo imekuwa kama 780, ameokoa 400 kwa mlo mmoja na bado amekula chakula cha kwao.

Kisha tui. Nasema hapa mtu asinielewe vibaya, sisemi nazi ni sumu, nimelelewa kwa nazi. Lakini tui la kwanza, ile kasimile, gramu 100 ina kalori kama 230, na wali mweupe uliopikwa kwa maji gramu 100 ni 130. Ukipika nusu kilo ya mchele kwa gramu 500 za kasimile chungu kizima ni kama 2950, mkila watu sita kila mmoja karibu 490. Mchele ule ule kwa maji na chumvi ni 300 kila mtu. Kati na kati unaweza kupika kwa tui la pili, lile jepesi, kasimile ukaiweka kidogo tu mwisho kwa harufu. Ukipika wali wa nazi basi kitoweo kiwe cha kuchoma au mchuzi wa ndimu na nyanya, usiweke na samaki wa kupaka siku moja, maana hapo tui limeingia mara mbili. Samaki wa kuchoma gramu 100 za nyama ni kalori 110 mpaka 140 hivi, samaki ni rafiki yako kwenye hesabu hii, usimpunguze. Mafuta ya kupikia kijiko kimoja cha kulia ni 120, na mimi nimeona wapishi wakimimina kutoka kwenye chupa bila kijiko, hapo hesabu yote imevunjika.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili, sisi tunakula sinia moja, nitajuaje nimekula kiasi gani? Kweli programu zile za kununua hazijui hata sinia ni nini, zinadhani kila mtu ana sahani yake. Tunafanya hivi: chukua bakuli moja la nyumbani, siku moja tu lipime kwenye mizani ujue likijaa wali ni gramu ngapi, mengi huwa kati ya 200 na 300. Wakati wa kupakua pima bakuli lako, limimine kwenye sinia upande wako, wengine wapakuliwe kawaida. Unakaa na watu wako, unakula kwa mkono, upande wako ukiisha umeisha, na kitoweo unakipata kama wote. Mwenyewe ukiwa mpishi utashangaa hakuna hata anayejua. Bibi zetu walikuwa wanapima kwa kibaba na kisaga na pishi, hakuna aliyetia mchele chunguni kwa kukisia, kwa hivyo kupima si jambo la kigeni huku kwetu.

Na kama kuhesabu kila mlo ni kazi kubwa basi anza na hesabu ya duka, hii naipenda mimi binafsi kwa sababu inaonyesha nyumba nzima. Lita moja ya mafuta ni kalori kama 8100. Nyumba ya watu sita ikimaliza lita kwa siku 4, kila mtu amekunywa kama 340 za mafuta kwa siku, hajahesabu unga wala nyama. Sukari kilo moja ni 3900 hivi, mkimaliza kilo 2 kwa wiki ni kama 185 kila mtu kila siku. Lita hiyo ifanye ifike siku 8 na sukari ishuke iwe kilo moja, kila mtu pale nyumbani amepunguza zaidi ya 250 kwa siku, na pesa imebaki mfukoni. Watoto wadogo msiwahesabie, wao wapunguzieni sukari tu.

Andika. Daftari la shilingi chache linatosha, au simu. Unaandika pale pale ukila, sio usiku, usiku umesahau ile sambusa uliyopewa barazani na tende tatu za jirani na kile kipande cha halwa cha kahawa. 1992 kule New York watafiti walichukua watu waliokuwa wanasema tunakula kidogo sana na hatupungui, mwili wetu una shida, wakawapima vizuri. Miili yao ilikuwa sawa kabisa. Walikuwa wanakula karibu mara mbili ya walichosema, na mazoezi walikuwa wanayataja zaidi ya waliyofanya. Hawakuwa waongo, ni kwamba jicho la binadamu halioni kalori. Ndio maana nasisitiza kijiko, kikombe na mizani kwa wiki 2 au 3 za mwanzo, baadaye jicho linazoea.

Mazoezi fanya, kwa moyo na presha na sukari hakuna dawa nzuri kama miguu, tena mji wetu karibu hauna magari. Lakini usitegemee miguu ilipe deni la mdomo. Kutoka mjini mpaka kijiji cha Shela kwa njia ya ufuoni ni kama dakika 45, mtu wa kilo 78 anatumia kalori kama 175. Hiyo ni hamri moja.

Na huna haja ya kufika kilo za ujana wako. Marekani kuna utafiti mkubwa ulitoka 2002, watu waliokuwa karibu kupata kisukari walilengwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, na uwezekano wa kupata kisukari ukashuka kwa asilimia 58. Kwa mama wa kilo 78 asilimia 7 ni kilo 5 na nusu. Kwa nusu kilo kwa wiki, na wiki nyingine haishuki kitu, ni miezi mitatu minne.

Kuna watu hawatakiwi kuanza hii peke yao nyumbani, tafadhali. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mzee aliyeanza kukonda bila sababu, mtu aliyewahi kuwa na shida ya kujinyima chakula au kujitapisha. Na zaidi mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini au anayemeza glibenklamaidi, wewe ukipunguza chakula na dawa ikabaki ile ile sukari inaweza kushuka ghafla, unatoka jasho, unatetemeka, unachanganyikiwa. Njoo kwanza tupange dawa na chakula pamoja. Na yeyote yule asishuke chini ya 1200 kwa mwanamke au 1500 kwa mwanamume bila kuangaliwa na mtaalamu.

Pima uzito mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi ukishatoka chooni na hujala. Ukipungua kilo 5 rudia fomula, maana mwili mdogo unatumia kidogo, yule mama akifika 73 mahitaji yake yatashuka kutoka 2000 mpaka kama 1930. Watu wengi hukwama hapo wakadhani hesabu imekataa.

Halafu kuna harusi. Zikianza ni wiki nzima ya biriani na pilau na kaimati, na hakuna atakayekuelewa ukienda na kibakuli chako. Nenda, kula kwa kiasi ulichoweza, andika hata kama ni kwa kukisia, kesho yake rudia chai yako ya mahamri mawili. Usijinyime siku mbili kulipia, njaa ya siku mbili inakurudisha kwenye sinia na hasira. Kliniki yetu ya lishe huangalia madaftari bila malipo yoyote, njoo nalo hata kama ni kurasa mbili, na ukiweza njoo umeshapima lile bakuli lako.