Mbunge wetu mpya ni nesi, zahanati je?

Mama mmoja alisimama mbele ya meza yetu ya elimu kwa umma kwenye viwanja vya Nanenane, Nzuguni, Dodoma. Akatua kikapu chake, akauliza bila kuzunguka: "Mwanangu, jimbo letu limetoka kwenye uchaguzi mdogo, tumempata nesi. Boma la zahanati tumelinyanyua wenyewe, mwaka wa tatu sasa halina bati. Ataliezeka?"

Nikamwambia: hapana, mama, mbunge hana fungu la kuezekea zahanati. Ila anaweza kumkosesha usingizi mwenye fungu. Akacheka, akavuta kiti.

Tuanze na huo unesi. Ibara ya 67 ya Katiba ya mwaka 1977 haimdai mgombea shahada. Inamtaka awe raia aliyetimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Ndiyo maana watu huingia bungeni wakitoka kila upande. John Magufuli alikuwa amefundisha kemia na hisabati kabla ya kuchaguliwa mwaka 1995. Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, alitoka kwenye jukwaa la muziki akachaguliwa Mbeya Mjini mwaka 2010. Hamis Mwinjuma, Mwana FA, akafuata njia hiyo Muheza mwaka 2020. Mimi sioni kasoro hapo. Kinachonishughulisha ni mtu anakoupeleka ujuzi aliokuja nao.

Siku ya kwanza haina mengi. Mbunge hula kiapo cha uaminifu mbele ya Bunge, na kabla ya hapo hashiriki shughuli yoyote isipokuwa uchaguzi wa Spika. Kinachofuata ndicho wananchi wengi hawakifuatilii, nacho ni kupangwa kwenye kamati. Spika ndiye hupanga wajumbe, nao hukaa humo miaka miwili na nusu, nusu ya uhai wa Bunge. Kamati ndiyo inayokaa na maofisa wa wizara, inayokagua miradi na kupekua makadirio ya fedha kabla hayajafika ukumbini. Nesi akiwekwa kwenye kamati inayoshughulikia afya, mtaalamu wa wizara hatamzungusha kwa maneno magumu kuhusu dawa zisizofika vituoni, kwa sababu yeye mwenyewe amewahi kumrudisha mgonjwa nyumbani mikono mitupu. Akiwekwa kwenye madini, itabidi aanze darasa la kwanza.

Kisha kuna swali la msingi. Mbunge huliandika, hulipeleka kwa Katibu wa Bunge, na likipangwa kwenye Orodha ya Shughuli, Waziri au Naibu wake husimama kulijibu. Muulizaji hupewa nafasi ya maswali mawili ya nyongeza, na hapo ndipo mpya hutofautiana na mzoefu. Mgeni hutumia nafasi hiyo kuipongeza Serikali. Mzoefu anajua jibu la kwanza litaishia kwenye yale maneno tuliyoyazoea, "kadiri ya upatikanaji wa fedha", kwa hiyo nyongeza yake inakuwa imeshanolewa: boma hili lipo kwenye bajeti ya mwaka upi? Jibu linaingia kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, na mwaka unaofuata Waziri anaweza kusomewa maneno yake mwenyewe.

Mkutano wa bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, una silaha yake. Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi kupitia fungu la wizara, mbunge asiyeridhika anaweza kutoa hoja ya kuondoa shilingi kwenye mshahara wa Waziri. Ndiyo "kushika shilingi" mnakokusikia redioni. Si sarafu inayotafutwa. Kinachotafutwa ni maelezo ya kina, na ikibidi wenzake wasimame kumuunga mkono. Akiridhika, anairudisha.

Mipaka nayo ipo. Ibara ya 99 haimruhusu mbunge kuleta muswada wa kuanzisha kodi au kuongeza matumizi. Hayo huja kwa pendekezo la Rais, likiwasilishwa na Waziri. Na Bunge likikataa kupitisha bajeti, Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja. Sasa mtu anayeahidi jukwaani kwamba "nitaleta lami", sijui huwa amesoma Katiba ipi.

Hapa ndipo jibu langu la kwanza kwa yule mama lilipopungukiwa, nami nikalirekebisha. Upo Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, na mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Fedha hupitia halmashauri, na miradi huibuliwa na wananchi wenyewe. Ni mfuko mdogo. Haujengi hospitali, lakini bati za boma moja si jambo la ajabu. Isitoshe, mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani, ambako ndiko orodha ya maboma ya kumaliziwa hupangwa kabla haijapanda kwenda TAMISEMI, ofisi ya Serikali inayosimamia halmashauri.

"Na asipokwenda huko bungeni?" akauliza. Nikamweleza: akikosa Mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika, anapoteza ubunge. Ila Mkutano mmoja una vikao vingi, na ule wa bajeti huchukua miezi. Kwa hiyo kutomwona kwenye televisheni siku mbili hakumaanishi ametoroka; pengine yuko kwenye kamati.

Alipoinuka aliomba nimwandikie kwenye kipande cha karatasi maneno matatu: "swali la msingi". Alisema mbunge anapita kijijini kwao Jumamosi.