Farasi hacheui kama ng'ombe

Wengi huamini kwamba farasi, kwa kuwa naye ni mla nyasi, ana tumbo lenye vyumba vinne na hucheua kama ng'ombe. Si ajabu, wote wawili hushinda malishoni vichwa chini.

Tumbo la farasi lina chumba kimoja tu, tena ni dogo kwa mwili ule: lita 8 hadi 15 hivi. Chakula hakikai humo sana. Baada ya saa chache huwa kimeshuka kwenye utumbo mwembamba, ambako sukari, protini na mafuta hufyonzwa. Nyuzinyuzi za nyasi husonga hadi utumbo mpana, na huko ndiko kwenye kazi ndefu: vijidudu huzichachusha polepole. Safari nzima huchukua siku moja na nusu hadi tatu hivi.

Unaweza kujionea mwenyewe. Mtazame ng'ombe aliyelala kivulini: tonge hupanda shingoni, hulitafuna, hulimeza, kisha jingine hupanda. Kwa farasi hutaliona hilo. Akimeza amemeza, hata kutapika ni kama hawezi. Halafu pasua kinyesi chake kwa kijiti: vipande vya nyasi huonekana wazi kuliko kwenye samadi ya ng'ombe.