Mi sio dokta, na somo linaanzia hapo

Kila nikiingia shuleni na koti langu jeupe naitwa dokta, kuanzia mlinzi wa getini hadi mwalimu mkuu. Mi sio dokta jamani. Mi mtu wa maabara, hadubini nimeishi nayo miaka mingi kuliko niliyoishi na mke wangu. Sa ukiwauliza hao wanafunzi wakutajie kazi za hospitali utapata mbili, daktari na nesi, mmoja akijikaza sana atasema mtu wa dawa, basi, kimya. Hakuna anayemtaja mtu wa eksirei, wala wa mazoezi ya viungo, wala anayechonga miguu ya bandia, na hapa hapa Moshi pale hospitali ya KCMC kuna chuo cha TATCOT kinafundisha hiyo kazi tangu 1981, watu wanafunga safari toka nchi nyingine za Afrika kuja kusoma, mtoto wa Moshi anapita na daladala hapo nje kila siku hajui.

Zamani nilikuwa naenda na maneno tu. Nasimama mbele, naongea saa nzima kuhusu umuhimu wa sayansi, wanapiga makofi, wanaenda kula. Nilijiona nafanya kazi kubwa kweli. Mpaka siku moja nikabeba hadubini na slaidi za malaria zilizoshapakwa rangi, binti mmoja wa kidato cha nne akaing'ang'ania ile hadubini wenzie wakaanza kulalamika, akawa anahesabu vimelea mwenyewe kimoja kimoja, alafu akaja kuniuliza hii kazi inasomewa wapi. Nikamuuliza fizikia na kemia unaendaje? Akasema aliziacha walipoingia kidato cha tatu, aliambiwa ni ngumu.

Nilikosa cha kumwambia. Maana kwa utaratibu tuliouzoea baiolojia ilikuwa lazima kwa wote, ila fizikia na kemia mtoto aliweza kuziacha kidato cha tatu, na diploma ya utabibu inataka kemia, baiolojia na fizikia zote, hata famasi usipokuwa na kemia hawakupokei. Yani mtoto wa miaka 15 anafunga mlango ambao hajawahi hata kuambiwa kwamba upo. Toka siku ile nikiitwa na shule nasema nipeni kidato cha pili, hao wa kidato cha nne waje kama wanataka, ila nipeni wa pili.

Vifaa sio kisingizio. Kipindi cha kwanza natumia kaunta buku tu. Mwaka 1816 kule Paris daktari mmoja anaitwa Laennec alipata mgonjwa wa kike akaona si adabu kumwekea sikio kifuani, akakunja karatasi kama bomba akasikiliza kupitia hapo, akashangaa mapigo anayasikia vizuri kuliko alivyozoea. Stetoskopu ilianzia hapo. Nawasimulia hivyo alafu nawaambia haya kunjeni madaftari, wasichana na wasichana, wavulana na wavulana. Darasa linanyamaza lenyewe, mwalimu anashangaa. Kuna mmoja alimwambia mwenzie "we humu ndani kuna mtu anagonga mlango!" Baada ya hapo wanazunguka uwanja mbio raundi mbili, wanarudi wanahesabu tena kwa sekunde 30 wanazidisha mara mbili, ubishi unaanza, huyu kapata 96 yule 140, na mi ubishi ndo nautaka, maana wakirudia kuhesabu wanagundua wenyewe nani aliruka namba.

Damu ya kweli siwapi. Naomba walimu mnielewe hapa, mtoto hachomwi kidole wala hagusi damu ya mwenzie, kuna homa ya ini, kuna HIV, na alafu siyo vizuri mtoto ajue majibu yake mbele ya darasa. Natumia maziwa. Naweka rangi nyekundu ya keki, nagawa kwenye vichupa vya "wagonjwa" wanne, kila mgonjwa na chupa zake mbili za dawa ya kupimia kundi la damu, A na B, chupa nyingine ndani zina siki na nyingine zina maji, wao hawajui. Kwenye siki maziwa yanakatika yanafanya vibonge, kwenye maji yanabaki vile vile. Damu ya kweli nayo ikikutana na dawa yake chembe zinashikana zinafanya vibonge, japo kinachotokea ndani ni tofauti na hilo nawaambia wazi. Mwaka jana kikundi kimoja walichanganya lebo, wakasoma vizuri kabisa ila wakaandika majibu ya mgonjwa wa pili kwa wa tatu. Nikawauliza, mmempa damu gani? Wakanitajia. Nikawaambia mgonjwa wenu huyo mmemuua. Walikaa kimya hasa. Kwenye kazi yetu hatari kubwa ya kuongezewa damu isiyo yako ni hiyo, jina na lebo, wala sio ugumu wa kipimo, na nilikuwa naisema miaka yote kwenye hotuba zangu hakuna aliyeisikia.

Kuna na wanaogundua kwamba hii kazi hawaiwezi, au wanadhani hawaiwezi. Huwa najichoma kidole mwenyewe kuwaonyesha kipimo cha haraka cha malaria, siku moja kijana aliyesema anataka kuwa daktari wa upasuaji akaanza kutoka jasho, akakaa chini taratibu kama gunia. Nikamlaza, nikamnyanyua miguu, dakika chache akawa sawa, aibu tele. Nikamwambia mimi mwaka wa kwanza chuoni nilianguka mara mbili, wengi huwa wanazoea. Na kama hatazoea pia ni heri ajue sasa kuliko wazazi washalipa ada ya mwaka.

Kitu nisichokubali ni shule kuomba makoti meupe ya kupigia picha. Picha mtapiga na madaftari yenu.

Mara ya mwisho nilibeba mashine ya presha ya mshale, ile ya kupampu kwa mkono. Ikawa mshale unashuka wenyewe, nikaiweka pembeni nikasema imekufa. Kijana mmoja wa nyuma kabisa, hakuwa ameongea tangu asubuhi, akaomba aishike. Akapampu, akaweka sikio, akaenda bombani akarudi na povu la sabuni akalipaka kwenye mpira kidogo kidogo kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha. Povu likachemka pale mpira unapoingia kwenye saa. Akakata kile kipande kilichochoka, akachomeka tena, mshale ukatulia.

Nikamwambia kuna watu kazi yao ni hiyo, kutengeneza vifaa tiba, inasomewa Chuo cha Ufundi Arusha, na DIT, taasisi ya teknolojia kule Dar. Akanitazama kama namtania. "Hospitali wanaajiri mafundi?" Nikamwambia wanaajiri, ila fizikia usije ukaiacha. Akauliza na hesabu je? Na hesabu. Akaguna, akaenda kunawa mikono.