Wastani wa 22.88 na ushindi 18: nahodha Mike Brearley alivyopikwa Middlesex

Mike Brearley aliichezea timu ya kriketi ya Uingereza mechi 39 za Testi, yaani mechi ndefu za kimataifa za siku kadhaa, na wastani wake wa kupiga ni mikimbio 22.88 kwa kila alipotolewa. Hakuwahi kufikisha mikimbio 100 katika zamu yoyote ya kupiga. Alipokaribia zaidi aliishia 91. Mpigaji anayeingia mwanzoni mwa zamu mwenye takwimu hizo kwa kawaida haitwi tena timu ya taifa. Yeye aliitwa, na katika mechi 31 kati ya hizo 39 alikuwa nahodha. Alishinda 18 na kupoteza 4 tu. Ninafundisha kriketi vijana wa Nairobi, na kila ninapotaja jina la nahodha mpya lazima mzazi au mchezaji aniulize kwa nini sikumchagua yule anayepiga kuliko wenzake. Huwa nawaeleza habari za Brearley, lakini siwaanzishii Uingereza. Nawaanzishia Middlesex, moja ya timu za kaunti zinazogombea ubingwa wa ndani wa Uingereza, ambako aliongoza tangu 1971 hadi 1982.

Anayefuata soka huenda asielewe uzito wa jambo hili, kwa sababu kwenye soka maamuzi makubwa yako kwa kocha aliye pembeni. Kwenye kriketi yako kwa nahodha, ndani ya uwanja, mchana kutwa. Yeye ndiye anayesimama wakati wa kurusha shilingi na, akishinda, kuamua nani aanze kupiga. Kila baada ya mipira sita anaamua nani arushe ova inayofuata, na wale tisa wasiorusha wala kulinda wiketi (vijiti vilivyo nyuma ya mpigaji) wasimame wapi. Timu yake ikiwa inapiga, ndiye anayeamua lini zamu ifungwe ili wapinzani waingie. Mechi za ubingwa wa kaunti enzi zake zilikuwa za siku tatu, kila timu ikiwa na zamu mbili za kupiga, na ratiba ilibana kiangazi chote: ukimaliza mechi hapa, unafunga mizigo kwenda mji mwingine, pamoja na watu walewale. Huwezi kuwaficha tabia yako watu mnaoishi hivyo kwa miezi mitano. Nao hawawezi kukuficha ya kwao.

Alipopewa timu mwaka 1971 alikuwa akitoka kufundisha falsafa Chuo Kikuu cha Newcastle. Katika chumba cha wachezaji alikuta wakongwe wawili waliokuwa manahodha kabla yake, Fred Titmus na Peter Parfitt. Middlesex ilikuwa haijatwaa ubingwa wa kaunti peke yake, bila kugawana, tangu 1947. Hakuna muujiza uliotokea. Mwaka 1975 walifika fainali mbili za kombe uwanjani Lord's, London, na kupoteza zote. Ubingwa ulikuja 1976, msimu wake wa sita. Nadhani hapa ndipo klabu inapostahili sifa kuliko inavyopewa, maana nahodha wa aina yake hawezi kuonekana ndani ya mwaka mmoja.

Mechi ninayoipenda kuliko zote katika maisha yake ni ya Agosti 1977, Middlesex dhidi ya kaunti ya Surrey, Lord's. Mvua ilikula karibu siku mbili nzima, kila mtu akajua ni sare, kwa kuwa mechi isiyomalizika huhesabiwa sare. Siku ya tatu Surrey wakatolewa wote kwa mikimbio 49. Nahodha wa kawaida angepiga taratibu, ajenge uongozi wa mikimbio mia hivi, na saa zimwishie mikononi. Brearley aliifunga zamu ya kwanza ya Middlesex mikimbio ikiwa 0 na hakuna mpigaji aliyetolewa. Kwa maneno mengine aliwaambia Surrey: rudini mpige tena sasa hivi, uwanja ungali umelowa na mpira ungali unaruka vibaya. Surrey wakarudi, wakatolewa kwa 89. Middlesex walihitaji 139. Wakapata 142 kwa kupoteza wiketi moja, yaani mpigaji mmoja tu alitolewa.

Tazama alichokipima. Mikimbio hazikuwa shida yake, kwa sababu zilikuwa za kupatikana jioni uwanja ukikauka. Shida ilikuwa muda, na muda aliununua kwa kuachilia zamu nzima ambayo nahodha mwingine angeing'ang'ania. Msimu ulipoisha, Middlesex na kaunti ya Kent walilingana pointi, wakagawana ubingwa. Bila ushindi ule wasingegawana chochote.

Kulikuwa na upande wake mwingine wa kutafuta mwanya kwenye sheria. Mwaka 1980 aliwahi kuacha kofia ya kinga chini karibu na mpigaji, upande wa mguu, kama chambo. Mpira ukigonga kofia ile timu inayopiga hupata mikimbio mitano, kwa hiyo mpigaji alishawishika kupiga kinyume na mzunguko wa mpira wa Phil Edmonds, mrushaji wa Middlesex, na kupiga hivyo ni kujitia hatarini. Baadaye sheria ikaamuru kofia iwekwe nyuma ya mlinda wiketi tu. Sydney, Novemba 1979, akiiongoza Uingereza, na West Indies wakihitaji mikimbio mitatu kwa mpira wa mwisho, aliwapeleka wote mpakani mwa uwanja, hata mlinda wiketi. Sheria ilimruhusu. Mimi ile ya kofia naisifu, maana ilimwachia mpigaji uamuzi. Ya Sydney siifundishi, kwani haikumwachia chochote.

Wengi wanamjua kwa kiangazi cha 1981 tu. Ian Botham, nyota wa kupiga na kurusha, alikuwa ameacha unahodha wa Uingereza baada ya kutoka bila mkimbio hata mmoja katika zamu zote mbili Lord's, na Brearley, mwenye miaka 39, akarudishwa. Uwanjani Headingley, Leeds, Australia walifunga zamu kwa 401, Uingereza wakapata 174 na, kwa kuwa walikuwa nyuma sana, wakalazimishwa kupiga tena papo hapo. Wakafika 135, wapigaji saba kati ya kumi wanaoweza kutolewa wakiwa wametolewa. Botham akapiga 149 bila kutolewa, Australia wakabaki na kazi ya mikimbio 130 tu, wakaishia 111. Bob Willis, mrushaji wa kasi wa Uingereza, alitoa wapigaji wanane kwa mikimbio 43.

Masimulizi mengi huishia kwa Botham na Willis. Mimi humwangalia aliyekuwa akiwapanga. Willis alianza vibaya akirusha kuelekea mlimani. Akaomba upande ambako upepo ungemsukuma mgongoni, Brearley akampa, akamwambia arushe kwa kasi na asiwaze makosa ya mguu kuvuka mstari. Siku kumi na mbili baadaye, uwanjani Edgbaston, Birmingham, Australia wakikaribia kushinda, Botham hakutaka kupewa mpira. Aliona wengine wangefaa zaidi. Brearley akampa vilevile. Botham akatoa watu watano kwa mkimbio mmoja, ndani ya mipira 28. Mmoja alisikilizwa, mwingine akakataliwa, na nahodha hakukosea popote. Ujuzi huo hauletwi na cheo. Alikuwa ameufanyia mazoezi miaka kumi Middlesex, kwa wachezaji kama Clive Radley, Mike Selvey, John Emburey na Wayne Daniel wa Barbados, kila mmoja na namna yake ya kuguswa.

Hakuwaweza wote. Edmonds, mzaliwa wa Lusaka na mrushaji mwenye kipaji kikubwa, aligombana naye kwa miaka, na uhusiano wao haukutengemaa walipokuwa timu moja. Nalitaja hili kwa vijana wangu kwa makusudi: wanaposikia kwamba gwiji wa kuelewa watu alishindwa na mtu mmoja ndani ya timu yake mwenyewe, huacha kudhani kuwa kazi hii ni karama ya kuzaliwa.

Aliondoka 1982, kaunti ikiwa bingwa kwa mara ya nne chini yake: 1976, 1977 ule wa kugawana, 1980 na 1982. Akageukia uchambuzi wa nafsi, kazi ya kuketi na mtu na kumsikiliza, na akafika kuwa rais wa chama cha wataalamu wa fani hiyo Uingereza. Middlesex alimwachia Mike Gatting, aliyekuwa kijana alipoanza kucheza chini yake. Gatting akatwaa ubingwa 1985, 1990 na 1993, na Emburey alikuwa bado akirusha.