Nani Hulipia Masomo ya Fundi Umeme Marekani?

Vijana wa Kiafrika Mashariki waliohamia Marekani hutuuliza sana: ada ya kusomea ufundi umeme huko ni kiasi gani? Katika njia ya chama cha wafanyakazi, mwanagenzi huajiriwa tangu mwanzo na kulipwa mshahara. Anachotoa mfukoni, mara nyingi, ni pesa ya vitabu na vifaa vya mkononi.

Njia hiyo ina wenyewe wawili. Upande wa wafanyakazi upo IBEW, chama cha mafundi umeme kilichoanzishwa St. Louis mwaka 1891, enzi ambazo kupanda nguzo kulikuwa kuchezea roho. Rais wake wa kwanza, Henry Miller, mwenyewe fundi wa laini, alipigwa na umeme akiwa kazini Washington mwaka 1896, akaanguka na kufa. Upande wa waajiri ipo NECA, umoja wa wakandarasi wa umeme, ulioanza mwaka 1901.

Wanavutana, hasa mkataba wa hali bora unapokaribia kwisha. Lakini tangu 1920 wana baraza lao la usuluhishi lenye wajumbe sawa kwa sawa, na uamuzi hautoki mpaka wajumbe wote wakubaliane. Hakuna kushindana kwa wingi wa kura. Ukishatoka, hakuna wa kuukataa.

Fedha za mafunzo nazo zimo ndani ya mkataba huohuo. Kwa kila saa anayofanya kazi fundi, mkandarasi huchangia kiasi kilichokubaliwa katika mfuko wa mafunzo, na kamati ya pande zote mbili ndiyo huusimamia. Kwa nini mwajiri akubali? Kwa sababu mafundi wengi si wake wa kudumu. Akipata jengo, huagiza watu ofisi ya chama. Jengo likiisha, wengi hurudi kwenye daftari kungoja mwito wa mkandarasi mwingine. Angemsomesha mtu peke yake, faida ingeliwa na mshindani wake. Wakichanga wote, hakuna anayemfundishia mwenziwe bure. Kwa maoni yangu, hili ndilo lenye thamani kuliko karakana zao zote.

Fundi umeme wa majengo husomea miaka 5 hivi: takriban saa 8,000 kazini chini ya fundi kamili, pamoja na darasa. Mshahara huanzia sehemu tu ya ule wa fundi kamili, kisha hupanda ngazi kwa ngazi. Kuomba kunataka umri wa miaka 18, cheti cha sekondari au kinacholingana nacho, na ushahidi wa kusoma aljebra. Kisha huja mtihani wa hesabu na ufahamu wa kusoma Kiingereza, halafu usaili. Wanaojiandaa kwa kushika koleo tu huishia kwenye aljebra.

Si njia pekee. Wakandarasi wasiofungamana na chama, kama walio katika IEC na ABC, jumuiya za wakandarasi wa aina hiyo, nao wana programu zao za uanagenzi. Leseni ni jambo jingine tena: Texas hutolewa na jimbo, na fundi kamili lazima athibitishe saa 8,000 za kazi; Illinois, jimbo halina leseni ya mafundi umeme, miji ndiyo huweka utaratibu wake. Kwa hiyo uliza mamlaka ya pale unapoishi kabla ya kulipa chochote, na saa zako za kazi ziandikwe na kuthibitishwa na aliyekusimamia tangu wiki ya kwanza.