Maana ya "upinzani rasmi", kwa kumtazama Charles James Fox

Anayefuatilia vikao vya Bunge la Tanzania amekwisha sikia "Kambi Rasmi ya Upinzani" na "waziri kivuli". Neno la kulitazama hapo ni "rasmi". Maana yake ni kwamba wanaoipinga serikali wanatambuliwa na kanuni za Bunge lenyewe: wana kiongozi wao na nafasi yao ya kusema, na kukosoa ni kazi waliyopewa. Chini yake limo wazo zito. Serikali ni watu walioshika madaraka kwa muda. Nchi ni kitu kingine. Anayewapinga hao hajaisaliti nchi.

Utaratibu huu asili yake ni Uingereza, na huko haukuja kwa urahisi. Kwangu mimi, maisha ya Charles James Fox ndiyo yanayoonyesha vizuri zaidi ulivyogharimu.

Fox alizaliwa 1749, mtoto wa mwanasiasa tajiri, akaingia Bungeni 1768 akiwa na miaka 19, kabla hata ya kufikisha umri wa kisheria. Alikuwa mcheza kamari wa kutisha, na hilo lilimwachia madeni na jina baya. Alianza upande wa serikali, lakini vita vya makoloni ya Amerika vilipozuka alisimama kuvipinga waziwazi, akivaa buluu na manjano iliyofifia, rangi za jeshi la George Washington, kamanda wa waasi wa Amerika. Hebu fikiria: nchi iko vitani, na mbunge anavaa rangi za upande wa pili! Mfalme George III alimchukia mno. Novemba 1783 Fox, sasa waziri wa mambo ya nje, alileta muswada wa kuidhibiti East India Company, kampuni ya biashara iliyotawala sehemu za India. Mfalme akapenyeza ujumbe kwa mabwana wa baraza la juu: atakayeuunga mkono muswada huo ni adui yake. Desemba muswada ukaanguka, na Fox akafukuzwa.

Akakaa upande wa upinzani miaka 22.

Watu husema mpinzani hana anachoweza kufanya. Mwaka 1792, akiwa hana wadhifa wowote, Fox alipitisha sheria kuhusu kesi za maandishi ya kashfa na uchochezi. Kabla ya hapo majaji walidai kwamba kazi ya wazee wa baraza, yaani raia wa kawaida walioitwa kuamua kesi, ni kuamua tu kama mshtakiwa ndiye aliyechapisha. Kama maandishi yenyewe ni kosa, aliamua jaji. Sheria hiyo iliwapa wazee wa baraza uamuzi wote. Mwandishi akawa mikononi mwa raia wenzake.

Kisha hofu ya mapinduzi ya Ufaransa ikaifunika Uingereza. Marafiki wengi walimkimbia, serikali ikabana mikutano ya hadhara, naye akapinga sheria za namna hiyo huku akishindwa kura baada ya kura. Mwaka 1798, katika karamu, aliinua glasi na kuwataja wananchi kuwa ndio wenye enzi. Kwa maneno hayo tu jina lake likafutwa katika Baraza la Ushauri la Mfalme.

Alirudi serikalini Februari 1806. Juni mwaka huo aliwasilisha azimio la kukomesha biashara ya watumwa, likapita kwa kura 114 dhidi ya 15. Alifariki Septemba, sheria yenyewe ikapitishwa Machi 1807. Katika miaka 38 ya ubunge, muda wake wote wa kuwa waziri wa mambo ya nje haufiki miaka miwili.

Jina "Upinzani wa Mfalme", yaani upinzani rasmi wa Uingereza, lilisikika Bungeni 1826, kinywani mwa mbunge John Cam Hobhouse. Alilitamka kwa utani, wenzake wakacheka. Mwaka 1937 sheria ilimpangia kiongozi wa upinzani mshahara wa paundi 2,000 kwa mwaka, kutoka hazina ya umma.