Kunasa kwa pedali ya mafuta: maana yake na namna ya kulisimamisha gari

Pedali ya mafuta husemwa imenasa pale dereva anapoondoa mguu, lakini pedali yenyewe au kile inachokiendesha kwenye injini kisirudi mahali pake, na gari likaendelea kuvuta kana kwamba bado linakanyagwa. Mguu kuwa umeondolewa ndicho kiini cha maana hiyo. Gari linalochomoka kwa sababu dereva amekanyaga mafuta akidhani amekanyaga breki halina ubovu wa pedali, ingawa mtu aliyeketi barazani Ngamiani, mjini Tanga, ataona jambo lile lile: injini inalia, gari linaruka mbele, waendesha baiskeli wanakimbilia pembeni. Nchini Marekani mkanganyo huo ulizua mjadala mkubwa katika miaka ya 1980 kuhusu gari la Audi 5000, na uchunguzi wa serikali uliokamilika mwaka 1989 ulieleza kwamba matukio mengi yalitokana na madereva kukosea pedali. Sailensi kuwa juu, yaani injini kuzunguka haraka kupita kawaida gari likiwa limesimama, nalo ni jambo tofauti, ijapokuwa linaweza kuwa dalili ya mwanzo ya throto, yaani mlango wa hewa ya injini, isiyofunga sawasawa.

Ili kuelewa ni nini hasa kinachonasa, yafaa kufuata njia ambayo mguu unapita. Katika magari ya zamani ya petroli, pedali huvuta waya wa chuma uliomo ndani ya ala, wa namna ile ile ya waya wa breki ya baiskeli, na waya huo hufungua kibati cha duara kilichomo ndani ya throto ili hewa iingie kwenye injini. Kinachorudisha vyote hivyo ni springi. Katika magari ya zamani ya dizeli, waya au fimbo huvuta mkono wa pampu ya dizeli, nao pia hurudishwa na springi. Magari mengi mapya hayana waya huo kabisa: pedali ina sensa mbili zinazopeleka taarifa kwenye kompyuta ya gari, na kompyuta huamuru mota ndogo ifungue au ifunge throto. Sensa ni mbili kwa makusudi, kwa kuwa zikitoa taarifa zinazopingana, kompyuta hupunguza nguvu ya injini na kuwasha taa ya tahadhari kwenye dashibodi.

Katika sababu zote za kunasa, inayodharauliwa zaidi ni kapeti la miguuni. Wakati wa masika, matope yanapojaa, wenye magari wengi hutandika kapeti la mpira juu ya lile lililokuja na gari, bila kulifunga kwenye ndoano zake. Kidogo kidogo kapeti hilo husogea mbele kwa msukumo wa kisigino, na siku dereva anapokanyaga mafuta hadi chini ili alipite lori, ukingo wake huikamata pedali na kuishikilia huko huko. Jambo hilo si dogo hata kidogo. Agosti 2009, karibu na San Diego katika jimbo la California, watu wanne walikufa ndani ya gari la Lexus, ambalo hutengenezwa na Toyota, lililokuwa limetandikwa kapeti la aina nyingine ya gari, na miezi michache baadaye Toyota ilitangaza kuyarekebisha mamilioni ya magari kwa sababu ya makapeti. Januari 2010 ikafuata hatua nyingine, ya magari takriban milioni 2.3 nchini Marekani, safari hii kwa sababu ya pedali yenyewe: sehemu iliyowekwa ndani yake ili kuipa uzito kidogo mguuni ilikuwa ikichakaa na kuathiriwa na unyevu, hata pedali ikarudi polepole au ikakwama. Wengi waliamini kwamba kompyuta ndiyo mkosaji, lakini wahandisi wa NASA, shirika la anga la Marekani, walioombwa kuchunguza mfumo huo walieleza mwaka 2011 kwamba hawakupata hitilafu ya kielektroniki inayoweza kuifungua throto kwa kiasi hicho cha hatari. Kwa maoni yangu, fundi anayekimbilia kuunganisha mashine ya kupimia kabla ya kuinama na kutazama sakafuni ameanza na hatua ya pili.

Kwa magari yenye waya, hewa ya pwani ina lake. Ala inapopasuka, chumvi na unyevu wa bahari huingia, nyuzi za chuma hupata kutu, na baadhi yake hukatika na kujikunja ndani, zikikwaruza kila pedali inapokanyagwa. Dereva husikia ugumu kwanza, kisha pedali inaanza kurudi kwa kusitasita. Hapo ndipo waya unapopaswa kubadilishwa, si kumiminiwa oili ya injini, kwa sababu oili hiyo hukusanya vumbi na baada ya muda mfupi ugumu hurudi ukiwa mbaya zaidi. Wapo pia wanaofunga kipande cha mpira wa tairi ili kisaidie springi kuvuta. Mpira huo huficha ugonjwa, nao hauwezi kuvumilia joto la injini kwa muda mrefu.

Throto chafu inanasa kwa namna yake. Mvuke wa oili unaotoka ndani ya injini huacha utando mweusi wenye ulimbo kwenye kingo za kile kibati, hasa pale kinapofunga. Ndiyo maana mara nyingi hunasa kikiwa kimefungwa: dereva hukanyaga kidogo, pedali haisogei, anaongeza nguvu, kisha inaachia ghafla na gari linaruka. Katika barabara pana hilo ni usumbufu tu, lakini katika mitaa ya Ngamiani yenye bajaji, bodaboda na watoto wa shule, mruko wa mita mbili unatosha kumwumiza mtu.

Sasa tuseme gari limetoka stendi ya Kange na kupita Pongwe kuelekea Segera, dereva amelipita lori, ameondoa mguu, na mwendo bado unapanda. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa gari hupita karibu mita 28 kila sekunde, hivyo muda wa kutafuta chanzo haupo, na kuinama ili kuivuta pedali kwa mkono ni kuyatoa macho barabarani. Linalotakiwa ni kuitenganisha injini na matairi. Mwenye gia za kawaida akanyage klachi na kutoa gia. Mwenye otomatiki asukume gia kutoka D, ya kwenda mbele, hadi N, isiyovuta gari, jambo ambalo katika magari mengi halihitaji kubonyeza kitufe. Injini italia kwa sauti ya kutisha, na sauti hiyo ndiyo inayowafanya wengine warudishe gia kwa hofu ya kuiua injini. Magari mengi ya kisasa huizuia injini isipite kasi fulani, na hata kama ingeharibika, injini hununuliwa.

Wakati huo huo breki ikanyagwe kwa nguvu, mara moja, na kushikiliwa hadi gari lisimame. Kuikanyaga na kuiachia mara kwa mara ni hatari kwa sababu busta ya breki, yaani kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu, katika magari mengi ya petroli hutegemea mvuto wa hewa unaotokana na injini, na throto ikiwa wazi mvuto huo karibu hautengenezwi. Akiba iliyopo inatosha kukanyaga mara moja au mbili tu, kisha breki inakuwa ngumu kama jiwe. Anayeteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, penye kona nyingi za Soni, asiteleze kwa N akishika breki nusu nusu, kwani breki zitapata moto na kulegea. Asimame kabisa mahali pa kwanza palipo salama.

Gia ikikataa kutoka, injini izimwe gari likiwa bado linakwenda. Ufunguo urudishwe hatua moja tu, usichomolewe, kwa kuwa ukichomolewa usukani unaweza kujifunga. Kwa magari ya kitufe, kubonyeza mara moja hakutoshi mengi yao yakiwa kwenye mwendo; kwa kawaida kitufe hushikiliwa kwa sekunde tatu hivi au hubonyezwa mara kadhaa mfululizo. Utaratibu kamili umo katika kitabu cha gari, ambacho kwa magari tunayoyaagiza Japani mara nyingi kimeandikwa Kijapani, kwa hiyo ni busara kumwuliza fundi mapema. Injini ikizimika, usukani na breki vitakuwa vizito, ila bado vinafanya kazi.

Gari likishasimama pembeni, taa za hazadi ziwashwe na safari iishie hapo, hata kama pedali imejirudia yenyewe. Uchunguzi wa kwanza hauhitaji gereji: injini ikiwa imezimwa, kapeti litolewe, pedali ikanyagwe hadi chini na kuachiwa. Inapaswa kurudi mara moja, bila kusita. Ikirudi vizuri bila kapeti na kusita kapeti likiwepo, chanzo kimepatikana. Ikisita bila kapeti, gari livutwe hadi kwa fundi, ambaye kwenye gari la waya ataufungua waya kwenye throto na kuvijaribu viwili hivyo kila kimoja peke yake. Kwenye gari la kielektroniki asikisukume kibati kwa kidole swichi ikiwa imewashwa, kwani mota inaweza kukifunga ghafla na kuumiza kidole, na meno yake ya ndani yanaweza kuharibika. Baada ya throto kusafishwa, sailensi ya gari la namna hiyo inaweza kupanda kwa muda hadi kompyuta ijifunze upya kipimo chake. Pedali ya kielektroniki iliyochakaa kwa ndani hubadilishwa nzima.